Dumu Linapasuka Begani: Kusaka Kosa Ndani ya Mtawanyo wa Uzito wa Molekuli

Mteja wetu mmoja, mama anayetengeneza sabuni ya maji kule Igoma, alifika karakana yetu ya madumu Nyakato, Mwanza, na guta limebeba madumu matano ya lita 20. Yote yalikuwa yamepasuka mahali palepale: begani, chini kidogo ya mkono, ufa mwembamba kama unywele uliofuata mzingo wa kona. Hakuna aliyeyaangusha. Yalikaa stoo yakiwa yamejaa sabuni, na ilipofika wiki ya sita yakaanza kutoa machozi. "Mwanangu," aliniambia, "ningekuwa nauza maji nisingekuja hapa." Na kweli, madumu ya mzigo uleule tuliyowauzia wachota maji wa Igombe na wavuvi wa Kirumba yalikuwa mazima hadi siku hiyo.

Fundi wa mitambo alisema moldi inapoa upande mmoja. Opereta wa usiku akasema hita namba tatu inacheza. Bosi, kama ilivyo kawaida ya mabosi, akasema mteja hajui kuhifadhi. Tulipoteza siku tatu tukizungusha vitufe vya mashine isiyo na kosa. Kosa lilikuwa ndani ya chenga (plastiki chakavu iliyosagwa), kwenye urefu wa minyororo ya molekuli, na kipimo tulichokuwa tukikiamini kilikuwa kimelipitisha getini bila hata kuliuliza jina. Naandika kwa ajili ya mwenzangu anayenunua plastiki chakavu, anaisaga, anaiyeyusha, anaifanya dumu, ndoo au kamba, halafu bidhaa inamgeuka.

Dagaa elfu moja na sangara mmoja

Ndani ya punje moja ya plastiki hakuna mnyororo wa saizi moja. Ipo mifupi ya viungo mamia machache na ipo mirefu ya viungo makumi ya maelfu, yote imesokotana. Kwa hiyo uzito wa molekuli wa plastiki daima ni wastani, na wastani wenyewe uko wa aina mbili.

Chukua ndoo pale soko la samaki la Mwaloni. Ndani kuna dagaa 1,000, tuseme wa gramu 1 kila mmoja, na sangara 1 wa kilo 4. Jumla kilo 5. Ukigawa kwa idadi ya samaki unapata kama gramu 5 kwa kila samaki: huo ni wastani wa idadi, Mn. Sasa fumba macho, chota kipande cha nyama bila kuchagua, uliza kimetoka kwa samaki wa uzito gani. Mara nne katika tano kitakuwa cha sangara. Wastani unaohesabiwa hivyo, kwa kufuata uzito, unatoka gramu 3,200: huo ni Mw. Ndoo ni moja, wastani mbili, na humo ndani hakuna samaki wa gramu 5 wala wa gramu 3,200.

Gawanya Mw kwa Mn, unapata namba ya upana wa mtawanyo, yaani jinsi minyororo inavyopishana urefu. Kwenye ndoo yetu ni 640, jambo la kuchekesha. Kwenye plastiki halisi namba ni za kiasi. HDPE (polietilini ngumu ya madumu na ndoo) iliyotengenezwa kwa kichocheo cha kromiamu, ambayo ndiyo hupendwa kwa madumu, huwa kwenye 8 hadi 20, wakati mwingine zaidi. Polietilini ya metalosini, kichocheo cha aina nyingine, hukaribia 2. PET (plastiki ya chupa) na nailoni nazo huzunguka 2, kwa sababu ya jinsi minyororo yake inavyoungana.

Kila kundi lina kazi yake. Mifupi huufanya myeyuko uteleze. Mirefu huushikilia usidondoke, na plastiki ikishapoa mirefu ndiyo inayoshona: mnyororo unazama kwenye fuwele moja, unatoka, unazama kwenye fuwele ya jirani. Tena mnato hauendi sambamba na urefu. Mnato wa myeyuko uliotulia hupanda kwa Mw kipeo cha 3.4, kwa hiyo ukipunguza Mw kwa asilimia 20 tu, mnato unashuka chini ya nusu. Ndiyo sababu mashine huhisi mabadiliko ambayo jicho halioni.

Dumu la maji zima, dumu la sabuni limepasuka

Anza kwa kuutazama ufa wenyewe. Dumu lililoangushwa huacha weupe na plastiki iliyovutika pembeni mwa ufa. Lililochomwa na jua huwa na unga kama chaki juu yake, na ukilikunja linavunjika vipande. Lenye ukuta mwembamba utalijua ukilikata kwa kisu na kupima unene. La sabuni halina dalili hata moja kati ya hizo. Ufa ni safi, kingo zake hazijavutika, upo mahali penye mkazo (kona, bega, mstari wa mshono wa chini), nao hutokea baada ya wiki, pasipo purukushani.

Sabuni haiyeyushi polietilini. Inachofanya ni kupenya kwenye vijiufa visivyoonekana vilivyo chini ya mkazo na kuilainisha minyororo mpaka inachomoka kwenye fuwele. Kama mirefu inayoshona ni mingi, kuchomoka kunachukua miaka. Kama imezongwa na mifupi isiyoshona chochote, wiki sita zinatosha. Maji matupu hayana uwezo huo, na ndiyo maana wachota maji hawakuwa na malalamiko.

Swali linalofuata: mifupi imeingiaje? Kwetu jibu lilikuwa ndoo. HDPE ya kupuliza madumu ina MFI (kipimo cha utiririkaji wa myeyuko: namba ndogo, myeyuko mzito) ya kama 0.3, yaani inatiririka kwa uzito wa asali ya baridi. HDPE ya kusukumwa kwenye moldi, ya ndoo na kreti, inaweza kuwa 8 hadi 20. Zote zinaelea majini, zote ni HDPE, mwokotaji anaziweka gunia moja na wala hana kosa. Ila moja imezaliwa na minyororo mirefu na mtawanyo mpana, nyingine na minyororo mifupi na mtawanyo mwembamba. Isitoshe, ya ndoo mara nyingi haina vitawi vidogo vya pembeni ambavyo hutiwa kwenye ya madumu makusudi ili kuongeza ushonaji. Kwa hiyo hasara inaingia kwa milango miwili.

Sasa tazama jinsi kipimo kilivyotudanganya. MFI za mchanganyiko huchanganyika kwa logi: unazidisha logi ya kila moja kwa sehemu yake, unajumlisha, unarudisha. Chukua kilo 90 za MFI 0.3 na kilo 10 za MFI 20. Jibu ni 0.46. Geti letu lilikuwa linakubali chochote kuanzia 0.2 hadi 0.5. Kilo kumi za ndoo katika kila mia, na mzigo umepita ukitabasamu.

Kilichotufumbua macho hakikuwa mashine. Tulimwaga nusu gunia la chenga kwenye turubai, vijana wawili wakachambua mchana kutwa wakitafuta vipande vya matako ya vyombo. Chombo kilichopulizwa kina mstari wa mshono chini, pale moldi ilipobana mrija wa plastiki ya moto. Kilichosukumwa kina kitovu, kidonda kidogo cha mviringo katikati, pale plastiki ilipoingilia. Mpaka saa kumi jioni beseni la vitovu lilikuwa limejaa hadi ukingoni. Tangu hapo tunachambua kabla ya kusaga, chombo kikiwa bado kizima, na mchambuaji halipwi kwa kilo za chenga, analipwa kwa siku. Ukimlipa kwa kilo, vitovu vitapita.

MFI moja haitoshi, pima kwa mizigo miwili

MFI ni gramu za plastiki zinazopita kwenye tundu kwa dakika 10. Tundu lina kipenyo cha milimita 2.095 na urefu wa milimita 8, pipa lina kipenyo cha milimita 9.55, joto ni nyuzi 190 kwa polietilini na 230 kwa polipropilini, na mzigo wa kawaida ni kilo 2.16. Kama gramu 0.18 zimetoka kwa sekunde 240, unazidisha kwa 600, unagawa kwa 240, unapata 0.45.

Namba hiyo inafuata Mw kwa ukaribu lakini haisemi lolote kuhusu upana. Rudia sampuli ileile kwa mzigo wa kilo 21.6, kisha gawanya MFI ya mzigo mkubwa kwa ya mzigo mdogo. Plastiki yenye mtawanyo mpana hulainika sana ikisukumwa kwa nguvu, kwa hiyo uwiano wake huwa mkubwa. HDPE ya madumu ya kromiamu mara nyingi huwa 80 na kuendelea. Ya ndoo huwa chini ya 40. Mzigo ukija na MFI uliyoizoea lakini uwiano umeshuka, umeletewa kitu kingine chenye jina lilelile.

Niseme na udhaifu wake, maana kuna watu wanauuza uwiano huu kama dawa ya kila ugonjwa. Kwenye mfano wangu wa kilo 10 za ndoo, uwiano ungeshuka kutoka kama 90 hadi kama 80. Mkono wa mpimaji aliyechoka unaweza kupoteza kumi hizo bila hata kuyumba. Uwiano unakamata mchanganyiko wa 30 kwa 70 vizuri sana. Mkia mdogo wa minyororo mifupi, ambao ndio ulioua madumu ya yule mama, unaukosa.

Namba zinaruka leo hivi, kesho vile

Kabla hujamfukuza muuza chakavu, shuku kifaa. Sisi tulikuwa na kisa ambacho mtu wa pwani asingekipata. Kijana mmoja mwenye bidii aliamua kuhakiki kipima joto cha mashine ya MFI kwa maji yanayochemka. Kikasoma 96. Akasema kimepungua nyuzi 4, akaongeza 4 kwenye mipangilio. Kijana alisoma shuleni kwamba maji huchemka kwa 100, na ni kweli ukiwa Dar es Salaam. Mwanza tuko kwenye mwinuko wa kama mita 1,140, na hapa maji huchemka kwa 96. Kipima joto kilikuwa kizima. Baada ya marekebisho yake kilisema 190 wakati pipa lilikuwa na 186, na MFI ya polietilini ikashuka kama asilimia 6 kwa miezi miwili, tukidhani plastiki ya mjini imeboreka.

Mengine ni ya kawaida ila yanauma. Mizani ya jikoni inayosoma gramu 0.01 haifai: kwenye kipande cha gramu 0.18 tarakimu moja ni zaidi ya asilimia 5. Nunua mizani ya dhahabu inayosoma 0.001, na hapa kwetu haikosekani. Tundu lililosafishwa kwa waya wa chuma hupanuka, MFI inapanda kidogokidogo kila mwezi. Safisha kwa kijiti cha shaba na kitambaa cha pamba. Pakia sampuli ukiishindilia kidogokidogo, la sivyo hewa inabaki na kipande kinatoka na malengelenge. Kipande chenye lengelenge kitupe, usikipime. Subiri dakika zilezile kila mara kabla ya kukata. Na umeme ukiyumba katikati ya kipimo, anza upya, hata kama bosi amesimama mlangoni.

Weka pembeni gunia moja la plastiki mpya unayoijua, ulifunge vizuri, ulipime kila Jumatatu. Likibadilika, kifaa ndicho kilichobadilika.

Mrija unalegea kabla moldi haijafunga

Unaona mrija wa moto ukishuka kichwani mwa mashine, unanyooka kwa uzito wake wenyewe, juu unakuwa mwembamba, chini unajikusanya. Dumu likitoka mabega ni karatasi, matako ni tofali. Wengi hupunguza joto, na huenda ukapata nafuu ya zamu moja. Chanzo cha kawaida ni upungufu wa minyororo mirefu sana, ile ya mwisho kabisa upande wa kulia wa mtawanyo. Ni michache kwa hesabu, lakini ndiyo inayoubeba mrija hewani. Angalia MFI ya kilo 2.16 kwanza. Ikiwa imepanda, tafuta ndoo kwenye chenga. Usipoikuta, uliza kuhusu oili: vidumu vya oili kutoka gereji visivyooshwa kwa moto huja na oili iliyonyonywa ndani ya ukuta, nayo hulainisha myeyuko bila kukata mnyororo wowote. Moshi na harufu kichwani mwa mashine vitakuambia.

Dawa tunayotumia ni kuongeza HDPE mpya ya kupuliza, yenye MFI ndogo, sehemu 20 hadi 30 katika mia. Ni ghali. Wengine huongeza chenga za mabomba ya maji, ambazo zina minyororo mirefu kweli, lakini rangi nyeusi inakufunga, na mashine ndogo huzichanganya vibaya mpaka unaona vidonge vigumu ukutani mwa dumu.

Plastiki imezeeka lakini MFI imeshuka

Hapa watu hubishana mpaka chai inapoa. Tumezoea kwamba plastiki ikipikwa mara nyingi minyororo hukatika, MFI hupanda. Kwa polipropilini ndivyo. Kwa HDPE, hasa ile ya kromiamu ambayo minyororo yake huishia na kifungo maradufu cha kaboni, joto la kawaida la mashine huigandisha minyororo pamoja badala ya kuikata. Mtawanyo unarefuka upande wa mirefu, MFI inashuka, na ukiendelea unapata vidonge vigumu visivyoyeyuka tena. Ukizidisha joto kukiwa na hewa nyingi, ukataji nao unaanza, na hapo una yote mawili kwa pamoja: mkia mrefu na mkia mfupi, na wastani uliosimama palepale kana kwamba hakijatokea kitu.

Kwetu chanzo kikubwa ni umeme kukatika. Skrubu inasimama imejaa plastiki ya moto, inakaa saa mbili ikiungua taratibu, umeme ukirudi hita zinaipika tena kabla skrubu haijaanza kuzunguka. Kilo za kwanza zinazotoka baada ya hapo ni za kahawia. Zitupe. Nimeona karakana zikizisaga na kuzirudisha hopa (faneli ya kulishia mashine) ili zisipotee. Kila kilo ya namna hiyo inapanda mbegu za vidonge kwenye madumu ya wiki nzima. Ongeza pia kizuia oksijeni cha fenoli pamoja na cha fosfaiti, asilimia 0.1 hadi 0.2, maana kile alichotia mtengenezaji wa kwanza kilishaliwa zamani, na madumu yaliyokaa juani ufukweni kimeyaishia kabisa.

Uso una magamba

Kama uso wa dumu ni mkavu na wenye mikwaruzo ya kujirudia, ilhali moldi ni safi, myeyuko unang'ang'ania midomo ya dai (tundu la kutokea plastiki) na kuchanika. Hutokea kwa minyororo mirefu yenye mtawanyo mwembamba, isiyo na mifupi ya kuitelezesha. Pandisha joto la midomo peke yake nyuzi 10, punguza kasi, kisha angalia. Chakavu cha mchanganyiko hakileti tatizo hili mara nyingi. Huja ukinunua plastiki mpya ya daraja lisilo lako.

Kamba za polipropilini zinakatika wakati wa kuvutwa

Kwa kamba mambo yanageuka. Uzi unataka mtawanyo mwembamba: minyororo mirefu kupita kiasi hukataa kunyooka na uzi unakatika kwenye roli. Viwandani huikata kwa makusudi, wakitumia peroksaidi kidogo, sehemu mia kadhaa katika milioni. Ukataji unaangukia popote kwenye mnyororo, na mnyororo mrefu una mahali pengi pa kukatwa, kwa hiyo mirefu hupungua kwanza na mtawanyo unajibana.

Onyo moja la kubandika ukutani: peroksaidi hiyohiyo ikiingia kwenye polietilini inafanya kinyume, inaunganisha. Chenga za kamba zilizochanganyika na za madumu zikipata peroksaidi zinaweza kukugandia ndani ya pipa la mashine, na kuitoa skrubu ni kazi ya patasi na siku mbili. Kama huna uhakika na uchambuaji wako, usiiguse. Jaribu kwa ukucha: polietilini hukwaruzika kirahisi, polipropilini hukataa.

PET na nailoni: tazama maji kwanza

Hapa sitakaa sana, kwa sababu mara tisa katika kumi jibu ni moja. Minyororo ya PET hukatwa na maji kwenye joto la kuyeyusha. PET ya chupa huanza na kipimo cha mnato wa ndani (kinachoonyesha urefu wa minyororo) cha kama 0.72 hadi 0.84, ikiyeyushwa na unyevu inashuka hadi utepe unakatika kama tambi. Ikaushe kwa nyuzi 160 hadi 170, saa 4 hadi 6, maji yabaki chini ya sehemu 50 katika milioni, na iende moja kwa moja kwenye hopa iliyofunikwa. Masika kando ya ziwa, chenga zilizoachwa wazi wakati wa chakula cha mchana zimeshanywa maji ya kutosha kukuharibia.

Nailoni ya nyavu ina ujanja wake. Maji mengi huikata, lakini ukiikausha kupita kiasi minyororo hujiunga upya, mnato unapanda, na opereta anashangaa mashine imekuwa nzito. Lenga asilimia 0.1 hadi 0.2, basi.

Karatasi ya GPC imerudi na nundu mbili

Ukitaka kuuona mtawanyo wenyewe, sampuli inaenda maabara yenye GPC (kromatografia ya kupenya jeli), njia aliyoitangaza John Moore wa Dow mwaka 1964. Plastiki huyeyushwa kwenye kiyeyushi na kupitishwa kwenye safu iliyojazwa vipunje vyenye matundu. Minyororo mifupi inaingia kila tundu na kuchelewa, mirefu inapita nje na kufika kwanza. Polietilini inahitaji kiyeyushi cha triklorobenzini kwenye nyuzi 140 hadi 160, kwa hiyo si kila maabara inaipokea. Uliza kabla ya kulipa.

Nundu mbili zilizotengana ni mchanganyiko wa plastiki mbili, au ni plastiki ya daraja la mabomba, ambayo hutengenezwa hivyo kwa makusudi. Bega dogo upande wa minyororo mifupi lilikuwa ndilo jibu la madumu yetu, na lilithibitisha yale ambayo beseni la vitovu lilishasema wiki nne kabla. Lakini usikimbilie kuamini kila kilima. Kilima kinachopanda wima kama ukuta upande wa mirefu kina maana kwamba minyororo imezidi uwezo wa safu na yote inatoka kwa pamoja. Kilele chembamba mwisho kabisa kwa kawaida ni viongezeo au kiyeyushi, hakihesabiwi. Mkia mrefu upande wa mifupi unaweza kuwa plastiki inayonata kwenye safu. Sampuli nzito mno, zaidi ya miligramu 2 kwa mililita, hukichelewesha na kukipanua kilele. Ikitikiswa kwa mawimbi ya sauti ili iyeyuke haraka, minyororo mirefu inakatika kabla haijapimwa, na utaletewa karatasi ya plastiki ambayo hukuituma.

Mambo mawili ya kuuliza kwa simu. La kwanza, je, kasi ya pampu ilihakikiwa kwa alama ya ndani, yaani kitu kinachojulikana kinachotiwa ndani ya sampuli? Mhimili wa uzito ni wa logi, hivyo kosa la asilimia 1 kwenye kasi linaweza kuzaa kosa la asilimia 10 hadi 20 kwenye uzito. La pili, je, namba zimeandikwa kwa kipimo cha polistirini au zimegeuzwa kuwa za polietilini? Safu hupanga molekuli kwa ukubwa wa umbo, na mnyororo wa polietilini hujitanua kuliko wa polistirini wenye uzito uleule. Namba zisizogeuzwa huwa mara mbili na zaidi ya zile za kweli. Tuliwahi kulinganisha karatasi mbili, moja imegeuzwa na nyingine haijageuzwa, tukampongeza muuza chakavu aliyekuwa anatuibia.

Kipimo cha chupa ya jamu

Kwa kuwa GPC ni ghali na MFI haiuoni mkia, sasa kila mzigo wa madumu ya sabuni unapita kwenye jaribio la bei ndogo. Tunakata vipande vya ukuta, upana wa kidole, tunavichana kidogo katikati kwa wembe, tunavikunja umbo la U na kuvibana kwenye kipande cha chuma, tunavizamisha kwenye chupa ya jamu yenye sabuni ya mteja mwenyewe iliyochanganywa na maji, sehemu moja kwa tisa. Chupa inakaa kwenye sufuria ya nyuzi 50. Kila asubuhi mtu anahesabu vilivyopasuka. Chenga zenye vitovu zilivunjika siku ya pili. Zilizochambuliwa na kuongezwa HDPE mpya robo zilivuka wiki tatu, tukazitoa kwa sababu tulihitaji chupa.

Mama wa Igoma aliporudi kuchukua madumu mapya alikuta chupa yenye jina lake juu ya rafu. Akaitikisa, akaangalia vipande, akauliza kama sabuni ile tutamrudishia au tunailipia.